Bamba Namba Tatu

Nora Tuplin hakuwahi kununua yai maishani mwake mpaka alipofika miaka sabini na sita, na yai hilo alilinunua kwangu. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nimesimuliwa. Nililiuza mimi, Hilda Wragg, muuza jibini, meza namba nne, soko la Alhamisi la Kelderby. Mpaka leo nikilikumbuka yai lile naona haya, na nitaeleza kwa nini, ila mnipe nafasi nianze ninakotaka kuanzia.

Meza ya Nora ilikuwa namba tatu, mkono wangu wa kushoto, chini kabisa ya ngazi za Msalaba wa Siagi, ule msalaba wa kale wa mawe ulio katikati ya uwanja wa soko. Alisimama hapo miaka hamsini na miwili. Kabla yake alisimama mama yake, na kabla ya mama yake shangazi mmoja ambaye picha yake bado inaning'inia kule baa, amenuna, kamkumbatia bata mzinga. Nora aliuza mayai, na siagi kidogo Krismasi ikikaribia, na maneno alitoa bure.

Siku yangu ya kwanza sokoni nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mke mpya, nimebeba jibini za kwa baba mkwe. Nimeamka alfajiri, nimezipanga kwa rangi, nyeupe huku, njano kule, katikati nimeweka majani ya mkangaga. Nora akazitazama mikono kiunoni.

"Kipenzi," akasema, "unauza jibini au unapamba harusi?"

Kabla sijajibu akaanza kuzihamisha mwenyewe. Kitu cha kuuza, akaniambia, kiweke karibu na mkono wa mtu, jicho litakifuata lenyewe. Yale majani akampa sungura wa mtoto aliyekuwa anapita. Nilimchukia mpaka saa sita mchana, kisha nikahesabu vipande vilivyobaki, nikaona vimebaki vitatu tu, nikamnunulia chai.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Yai aliligusisha mdomoni upande wake mnene, akikuambia ni la jana au la juzi, na hakukosea. Mteja akibonyeza-bonyeza mayai, Nora anamfunikia trei na kumwambia ayanunue dukani, ya dukani yamezoea kuonewa. Na wageni, hawa wanaoshuka kwenye mabasi na kamera shingoni kuja kutazama ngazi zetu na ule mnara wa kanisa uliopinda, wote aliwauliza swali moja: "Mmepotea, au mmekuja makusudi?" Wakisema makusudi, anawauzia. Wakisema wamepotea, anawauzia pia, na kuwaonyesha njia ya kuzunguka inayopita mbele ya meza zote.

Sasa niseme habari ya mnunuzi wa kwanza, maana hapo ndipo mambo yanaposhikana. Alhamisi saa tatu asubuhi bwana soko anapiga kengele ya mkono, na yule anayenunua kitu cha kwanza kabisa, hata kiwe kitunguu, anatangazwa kutoka kwenye ngazi, jina lake na kwao. Bwana soko wetu alikuwa Arthur Blades, mwembamba, mpole, ila akifungua kinywa juu ya zile ngazi ng'ombe wa upande wa pili wa mto wanageuza vichwa. "Kimeuzwa! Kwa nani? Kwa Bibi fulani wa Leeds!" Wageni wanapenda sana kutangazwa huko, wanapigana vikumbo. Nimemwona bwana mmoja wa kutoka Osaka akitokwa na machozi kwa ajili ya kabichi.

Lakini vikumbo ni mapambo tu. Sharti lenyewe ni la zamani. Mfalme mmoja aliupa mji soko hili miaka mia saba iliyopita, mradi kila Alhamisi, kati ya kengele ya saa tatu na kengele ya saa sita, kitu kimoja kiuzwe hapo penye Msalaba. Alhamisi moja ikipita kavu, soko limekwisha. Na sisi kuuziana wenyewe kwa wenyewe hakuhesabiki. Kila mwenye meza ana bamba la shaba lenye namba yake, analitundika mbele ya meza, na mwenye bamba hanunui. Ukitaka kuacha, unamrudishia bwana soko, naye anampa anayefuata kwenye orodha. Ukishalirudisha, hata ulie mpaka kesho, hulipati tena.

Mwanasheria wa halmashauri aliwahi kusema habari yote hiyo ni porojo za wazee. Huenda. Lakini halmashauri hiyohiyo ilikuwa inautamani uwanja wetu uwe maegesho ya magari, na kati yetu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua kama ni porojo au siyo. Mwaka wa theluji kubwa, baada ya vita, ni mama yake Nora aliyefika peke yake na kikapu, akamuuzia kasisi yai moja saa sita kasoro dakika kumi. Nora alikisimulia kisa hicho kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka, na kila mwaka theluji iliongezeka kimo kidogo.

Kisha Nora akaanguka, barafu ya mlangoni kwake mwenyewe, nyonga ikavunjika. Akaja binti yake Janet na gari. Janet aliondoka Kelderby akiwa na miaka kumi na minane, akisema mji mzima unanuka kondoo aliyelowa, na sikuwahi kumwona akirudi zaidi ya siku moja moja za Krismasi. Akampeleka mama yake kwake Cleethorpes, ghorofa ya nne, lifti ipo, bahari dirishani. Kuku wakagawiwa majirani. Nora akamwambia Arthur, "Nakwenda kwa mwanangu mpaka nyonga ipone," na bamba lake akaondoka nalo.

Nyonga ilipona kwa miezi mitano. Miaka miwili ikapita.

Na kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alikuja. Mabasi mawili, saa mbili na nusu njiani. Anashuka, anavuta utepe shingoni, bamba linatoka ndani ya blauzi, analitundika kwenye meza namba tatu, anasimama nyuma yake na chupa mbili za jemu ya plamu. Jemu hiyo hakuna aliyeinunua, kwa sababu mwenyewe akikuona umeikaribia anakuambia haijashika vizuri. Haikuwa biashara. Alikuja kusimama tu, na kunichokoa mimi, maana baada ya yeye kuondoka, Alhamisi iliyofuata tu, nilianza kuweka trei ya mayai kando ya jibini zangu. Ilibidi mtu ayauze. Lakini Nora hakunisamehe.

"Hilda, haya ni ya kuku au ya njiwa?"

"Kuku wangu wanajitahidi, Bi Nora."

"Waambie waongeze juhudi."

Arthur alisimamisha meza namba tatu kila Alhamisi, hata zile ambazo alijua fika Nora haji. Anapigilia miguu, anatandaza turubai la mistari, anaiacha tupu. Kulikuwa na bwana mmoja wa mishumaa anangoja nafasi tangu Pasaka, kila wiki anauliza, na kila wiki Arthur anamjibu maneno yaleyale: "Namba tatu ina mtu." Haikuwa halali, na sote tulijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Ungemwona Nora anavyolifuta bamba lile kwa kitambaa kabla ya kulitundika, nawe usingefungua.

Basi. Novemba ya mwaka elfu mbili ilinyesha mvua ambayo sijaiona tena. Jumatano jioni mto ukapanda, ukaingia mtaa wa chini, na watu wote wakahamishiwa kule shuleni, ng'ambo ya daraja. Uwanja wa soko uko juu kidogo, kwa hiyo Alhamisi asubuhi ulikuwa umebaki kisiwa: Msalaba wa Siagi, baa, maduka yaliyofungwa, na maji ya rangi ya chai yamezunguka pande tatu. Waliofika ni sisi tunaotoka mashambani upande wa juu. Tulikuwa watano: mimi, Ron wa mboga, Sheila wa maua, na kina Pask wawili, ndugu wauza nyama, kila mmoja na meza yake, ambao huongea mmoja tu. Na Arthur, ambaye nadhani hata mafuriko ya Nuhu yangemkuta kwenye zile ngazi. Meza sita alikwishazisimamisha. Hesabuni wenyewe, ya sita ilikuwa ya nani.

Saa tatu akapiga kengele, akiwapigia njiwa.

Saa nne tulikuwa tunacheka. Saa nne na nusu Ron akamgongea mwenye baa ili anunue walau karoti, tukakumbuka kwamba mwenye baa naye ana bamba, la ile meza yake ya pai. Mkewe angefaa, ila mkewe alikuwa shuleni anapika uji wa watu mia mbili. Saa tano akapita askari kwenye mtumbwi wa mpira. Ron akakimbia mpaka maji yakaingia viatuni.

"Afande, njoo ununue karoti."

"Unasemaje?"

"Karoti moja tu. Njoo hapa penye ngazi, usiinunulie huko kwenye boti."

Askari akamtazama, akatutazama sisi na maua yetu na nyama zetu katikati ya maji, akadhani tunamfanyia mzaha. "Nendeni nyumbani kwenu," akasema, akakata kona kwenye benki. Nusu saa nzima tulikuwa tunamlaani askari yule, na maskini hakuwa na kosa.

Saa tano na nusu hakuna aliyekuwa anacheka. Arthur alikuwa amekaa kwenye ngazi, kengele mapajani, ulimi wa kengele ameushika kwa vidole usije ukalia kwa bahati mbaya.

"Si upige tu," akasema Pask yule anayeongea. "Upige, utangaze jina lolote. Nani atajua?"

"Mimi," Arthur akasema.

Kisha Sheila, ambaye ana akili kuliko sisi wote na ndiyo maana hatukumpenda sana, akasema jambo ambalo kila mmoja alikuwa ameshalifikiria na kulisukumia mbali. Mmoja wetu akirudisha bamba sasa hivi, atakuwa si mfanyabiashara tena. Atakuwa mtu tu. Na mtu tu anaweza kununua.

"Kwa saa moja hivi," akasema Ron. "Halafu anarudishiwa."

"Harudishiwi," Arthur akasema. "Unajua harudishiwi, Ron."

Hapo ndipo ninapoona haya. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, watoto wawili, mume anayefuga mbuzi ambao hawajui kwamba umeme unalipiwa. Hizo ni sababu, na ni za kweli. Lakini sikuzipima hata. Nilizitazama jibini zangu. Ron akazitazama karoti, Sheila akapanga upya ndoo zake, kina Pask wakaingia nyuma ya gari lao pamoja. Miaka mia saba, na watu wazima watano tunasikilizana tunavyopumua.

Ndipo tukasikia mtu anatukana dimbwi.

Alikuwa anashuka ile barabara ya juu, mwavuli umegeuka nje ndani, gambuti za Janet miguuni, kubwa kwake namba mbili, anazivuta. Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Tulikuwa tumesahau kabisa.

"Mbona mmenyamaza?" Nora akasema. "Nani kafa?"

"Bi Nora, umefikaje?" nikamwuliza.

"Kwa miguu, nimefikaje. Dereva kasema njia imefungwa pale kinuni, haendi mbele, nikamwambia basi fungua mlango. Maili mbili, si mbali. Janet hajui, na atakayemwambia atanitambua." Akaiona meza namba tatu na turubai lake linalovuja. "Arthur, umenisimamishia meza na dunia yote imejaa maji?"

"Namba tatu ina mtu," Arthur akasema.

Nora akavuta utepe, akalitoa bamba, akalifuta kwa kitambaa kilicholowa kuliko bamba lenyewe, akalitundika. Ron alikuwa tayari amesimama, anacheka peke yake. "Mteja huyo," akasema. "Jamani, mteja kaja kwa miguu yake. Mwuzieni chochote."

"Ana bamba," Arthur akasema. Alisema akitazama viatu vyake.

Hakuna aliyemweleza Nora. Hakuhitaji kuelezwa, yeye mtoto wa mama yule. Aliitazama saa ya kanisa, saa sita kasoro robo. Akatazama uwanja mtupu, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anavyoyatazama mayai. Akafika kwangu. Nikajifanya nafunika jibini.

"Ahaa," akasema. "Kumbe ndiyo maana mmenyamaza."

"Si lazima iwe wewe," Sheila akasema.

"Sawa. Basi iwe wewe, kipenzi."

Sheila akazirudia ndoo zake.

Nora akaweka kiganja juu ya bamba lake, akaliacha hapo. Ningependa kuwaambia alitabasamu, au alisema neno la kukumbukwa. Alikuwa amekasirika.

"Nimelivaa kitandani," akasema. "Mnajua hilo? Janet anasema litaniletea pele. Asubuhi naamka, ile bahari yao inapiga kelele huko nje, sijui niko wapi, nalishika, najua." Akaanza kufungua fundo la utepe, vidole vikakataa, akaliinamia akaling'ata kwa meno. Nikataka kumsaidia. Akanipiga kofi mkononi. "Toka."

Fundo likafunguka. Akapanda ngazi tatu, akampa Arthur bamba.

"Una hakika, Nora?"

"Usinichoshe, Arthur. Chukua kabla sijabadili mawazo."

Arthur akalichukua, akalitia mfukoni, mfuko wa ndani. Nora akashuka, akasimama mbele ya meza yangu. Mbele, upande wa wateja. Miaka kumi na sita nilikuwa nimemzoea yuko kando yangu, bega kwa bega, na sasa tumetazamana, na niliona kwamba hajui aweke wapi mikono yake.

"Haya," akasema. "Nipe yai."

Nikampa lililo karibu.

"Si hilo, lina ufa."

"Bi Nora, zimebaki dakika nane."

"Ndiyo maana nasema si hilo." Akainua jingine, akaligusisha mdomoni. "La Jumanne." Akalirudisha. Jingine. Ron alikuwa anakanyaga-kanyaga chini akiigeukia kengele ya Arthur kama mtu anayetafuta choo. Nora hana habari. Aliyapitia mayai kumi na manane, moja moja, na lilipofika la kumi na tisa alilikalisha kiganjani. Kisha akaniinamia kwa sauti ndogo, wengine wasisikie.

"Usilie juu ya mayai, mtoto. Ningekuwa na umri wako nisingelitoa hata mimi."

Akanipa peni ishirini. Nikampa yai. "Dogo," akasema kwa sauti ya kawaida.

"Kuku wangu wanajitahidi," nikasema, ila nusu ya maneno haikutoka.

Arthur alikuwa juu ya ngazi na kengele mkononi. "Kimeuzwa!" akapaza sauti, na mwangwi ukarudi kutoka kwenye maji. "Kwa nani? Kwa Bibi Nora Tuplin, wa..."

Akakwama. Huwa hakwami. Alikuwa ametangaza watu wa kila pembe ya dunia kutoka pale, na sasa anatazama chini, anamtazama Nora, kinywa wazi. Ingekuwa rahisi kusema wa Kelderby. Hakuna ambaye angepinga. Lakini Arthur alitangaza kweli tu, na Nora alimjua.

"Sema, Arthur," akamwambia. "Wa Cleethorpes."

"Wa Cleethorpes," Arthur akasema. Sauti haikufika hata kwenye baa.

Kisha akapiga kengele ya saa sita, na soko lilikuwa bado soko.

Bamba namba tatu lilikwenda kwa yule bwana wa mishumaa. Mtu mwema, hana kosa, na mishumaa yake inanukia vizuri. Mwaka wa kwanza sikumsalimia zaidi ya nilivyolazimika. Nora alikuja Alhamisi ya kwanza ya Desemba, akazunguka na kikapu kitupu, akasimama mbele ya kila meza dakika moja, asijue nini hasa wateja hufanya baada ya kusalimia. Msichana wa ofisi ya utalii akampa ramani ya mji, bure, na kumwonyesha kwa kidole mahali Msalaba wa Siagi ulipo. Nilikuwa nakwenda kumng'oa nywele msichana yule. Nora akanizuia kwa jicho, akaikunja ramani, akamshukuru.

"Umepotea, au umekuja makusudi?" nikamwuliza, nikidhani nafanya utani.

Alifikiri kweli kabla ya kujibu. "Makusudi," akasema. Kisha akawahi basi la mapema.

Akaja mara nne tano hivi baada ya hapo. Kila mara yai moja, kila mara dogo. Halafu kukawa na kadi za Krismasi, na mwandiko ukaanza kulala upande, na Februari ya mwaka wa tatu Janet akanipigia simu. Sikuenda kwenye mazishi, kwa kuwa yalikuwa siku ya Alhamisi, na Nora angenifufukia kama angenikuta nimeacha meza.

Miezi miwili baadaye, asubuhi ya jua, wageni wamejaa, mabasi matatu, Arthur yuko juu na kengele. Nikamwona mwanamke wa miaka hamsini hivi, koti zuri, anapenya katikati ya wale wenye kamera kwa viwiko, bila kuomba radhi. Vile viwiko nilivijua kabla ya uso. Kengele ikalia, na kabla sijafunua trei mkono wake ulikuwa umeshafika.

"Yai," Janet akasema. "Moja."

Nikampa. Akanipa sarafu. Nikamnyooshea Arthur kidole kwamba kimeuzwa, huyu hapa.

"Jina?" Arthur akauliza kutoka juu. Alikuwa amemtambua, naye amezeeka, alikuwa ameishika nguzo ya ngazi.

Janet alikuwa anatazama meza ya mishumaa. Nilijua anakotazama, maana hata mimi hutazama hapo. Akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba lile yai la kwanza, la mafuriko, mama yake hakulipika. Alilikalisha kwenye kikombe dirishani, akakataa liguswe, na wiki ya saba likapasuka lenyewe wakati wa chakula cha jioni, ikabidi wafungue madirisha yote, na ni baridi ya Desemba. Alikuwa anacheka akisimulia, na macho yamejaa.

"Jina, mama?" Arthur akauliza tena.

"Nora Tuplin," Janet akasema. Kwa nguvu, wageni wakageuka. "Nora Tuplin, wa Kelderby."

Arthur akaitazama kengele. Miaka thelathini na moja juu ya ngazi zile na hajatangaza uongo hata wa kabichi. Niliona anavyovuta pumzi, anajinyoosha, anakiweka kidevu mahali pake.

"Kimeuzwa! Kwa nani? Kwa Bibi Nora Tuplin, wa Kelderby!"

Ng'ombe wa upande wa pili wa mto waligeuza vichwa, naapa. Wageni wakapiga makofi, maana wageni hupigia kila kitu makofi. Ron alikuwa amejiinamia kwenye karoti zake. Mimi sikuweza kutazama mtu, nikawa nafuta mizani iliyokuwa safi tangu asubuhi.

Janet akalipima yai kiganjani, akaligusisha mdomoni upande wake mnene. Sijui kama alikuwa anajua anachokifanya, au mkono ulijiendea wenyewe.

"Dogo," akaniambia.

"Kuku wangu wanajitahidi," nikasema, na safari hii nilimaliza.